Ngoma Mbili, Uwanja Mmoja: Familia Yetu kwenye Bulabo, Kisesa

Ijumaa: Mbezi hadi Usagara

Basi liliondoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa kumi na moja alfajiri, watoto wakiwa bado na usingizi mzito. Shule zimefunga kwa likizo ya mwezi wa sita, na safari hii ruhusa ya mume wangu kazini imeangukia wiki yenyewe ya Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma. Yeye ni Msukuma wa Kisesa, mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, na watoto wetu wote wamezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Kwa babu yao wanapafahamu, ila tumezoea kwenda Desemba, watu wako mashambani na ngoma zimewekwa ndani. Usukumani kuna majira ya jembe na majira ya mbina, yaani ngoma, na mbina haianzi mpaka mavuno yameingia ghalani. Kwa hiyo hata mimi, mke wa miaka yote hii, Bulabo nilikuwa naisikia tu.

Mwendo wa basi sitausimulia sana, maana kilomita zaidi ya 1,100 ni kukaa na kukaa. Morogoro chai, Dumila nyanya dirishani, Kibaigwa foleni ya malori ya mahindi, Dodoma jua la utosi. Mambo yalibadilika baada ya Singida, barabara iliposhuka mlima Sekenke na mbuga ya Wembere ikafunguka mbele yetu, tambarare mpaka macho yanachoka. Mume wangu, aliyekuwa amesinzia tangu Manyoni, aliamka hapo bila kuamshwa. Kuanzia Igunga hakunyamaza tena. Majaruba ya mpunga hayo, ng'ombe hao wanarudi bomani, pamba hiyo imerundikwa inasubiri kupimwa. Kitinda mimba akauliza kama ng'ombe wote wale ni wa babu.

Nzega na Shinyanga tulizipita gizani. Tulishuka Usagara inakaribia saa tano usiku, kabla ya kufika mjini Mwanza, kwa sababu pale ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Kisesa. Shemeji alikuwa anatusubiri na gari. Tulipofika nyumbani mama mkwe hajalala, na ugali wa udaga na sato wa mchuzi vilikuwa tayari mezani. Tulikula usiku ule ule, wote, hata waliokuwa wanalala na tonge mkononi.

Jumamosi: Nyumba yenye pande mbili

Asubuhi binti yetu alipiga magoti mbele ya babu yake na kusema "Mwangaluka" kama baba yake alivyomfundisha ndani ya basi. Mzee akaitika "Mwangaluka mhola", kisha akaendelea kuuliza hali za huko tulikotoka, jambo moja baada ya jingine, naye binti hana neno la pili. Bibi akamwokoa kwa kumwita kwenye michembe. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa vikakauka. Asubuhi ile ilipikwa na karanga. Wanangu, wanaodai kila siku kwamba viazi havishuki bila chai ya maziwa, walifuta sufuria.

Baada ya chai babu alikaa chini ya mwembe akaanza kuwatayarisha wajukuu, kwa sababu, alisema, mtu hawezi kwenda Bulabo kama anakwenda sokoni. Lazima ajue ni wa wapi.

Alivyosimulia ni hivi. Katikati ya karne ya 19 walikuwapo waganga wawili waliosifika kwa ngoma, Ngika na Gumha. Kila mmoja alikuwa na wafuasi wake, kila mmoja na dawa zake za kuvuta watu. Ikaamuliwa wapambane, wacheze siku moja, mahali pamoja, ijulikane nani zaidi. Wakacheza. Mshindi hakupatikana. Kwa kuwa hakupatikana, wafuasi wao walirithi ule ubishi, na watoto wao, na watoto wa watoto wao. Wa Ngika ndio Bagika, wa Gumha ndio Bagalu. Vikundi vya ngoma vya Usukumani, viwe vya kucheza na jembe, na nyoka au na nungunungu, vinasimama upande mmoja kati ya hiyo miwili.

"Na sisi?" mtoto wa kwanza akauliza.

"Mimi ni Mgalu," babu akasema. Kutoka jikoni bibi akadakia kwamba kwao ni Bagika, na kwamba wajukuu wana haki ya kusikia pande zote. Babu akacheka mpaka akakohoa. Wameishi pamoja zaidi ya miaka hamsini na ubishi huo haujapata suluhu.

Wifi yangu naye hakuniacha. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani hakosi neno. "Mtani," akaniambia, "huko kwenu mna mdundiko, ngoma inatembea barabarani na watu wanaifuata mpaka watoto wanapotea. Huku ngoma inakaa palepale. Anayetembea ni wewe. Jumanne utaona." Nikamjibu kwamba Mzaramo hajawahi kukimbizwa na ngoma ya Msukuma. Akaniambia nivae viatu vya kamba.

Jumapili: Maua

Bulabo imefungamana na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, kwa hiyo kabla ya vumbi la uwanjani kuna misa Bujora. Kutoka barabara kuu pale Kisesa ni mwendo wa kupanda kidogo kwa miguu, katikati ya yale mawe makubwa yaliyojipanga juu ya mawe mengine, kama ilivyo Mwanza yote. Kanisa ni la duara, limejengwa kwa kufuata nyumba ya Kisukuma.

Anayestahili kutajwa hapa ni padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, aliyeanzisha kituo cha Bujora miaka ya 1950. Wakati ule ngoma, katika makanisa mengi, ilihesabiwa kuwa jambo la kipagani la kuachwa mlangoni. Yeye alikaa na wazee na waimbaji wa Kisukuma wakatafuta jinsi nyimbo na ngoma za watu zitakavyoingia ndani ya ibada, kisha sikukuu hii ya kanisa ikapokea na mashindano ya ngoma ambayo Wasukuma walikuwa nayo tangu zamani. Nimeingia makanisa mengi ya mjini yenye kinanda na spika kubwa. Sijapata kuona mahali ambapo kibibi cha miaka themanini kinainuka wakati wa sadaka na kucheza kwenda mbele bila kuitwa, na hakuna anayegeuka kumshangaa.

Baada ya misa ni maandamano ya Ekaristi, na hapo ndipo maua yanapoingia, ambayo ndiyo yameipa sikukuu jina. Watoto wanatangulia na vikapu, wanatupa maua njiani. Binti yetu alipewa kikapu na msichana wa pale ambaye hata hatukumfahamu, akaelekezwa kwa kidole tu: chukua kidogo, tupa chini, usitupe juu, usimalize yote mwanzoni. Akayabania hivyo hivyo mpaka mwisho wa njia.

Jumatatu: Makumbusho

Asubuhi tulirudi Bujora kuangalia Makumbusho ya Wasukuma. Sijui kwa nini watu wanafika Mwanza, wanapiga picha kwenye jiwe la Bismarck, wanakula samaki, wanaondoka bila kupita hapa, ilhali ni mwendo wa daladala tu kutoka mjini.

Jengo linalovuta macho ni la watemi, lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ndani yake kuna ngoma za himaya mbalimbali za Usukumani, viti, mataji na vifaa vya watawala. Kuna nyumba ya wahunzi, nyumba ya mganga, na jengo la vikundi vya ngoma, la Bagika na Bagalu, ambako tulikuta mavazi na vifaa vya wachezaji wa zamani.

Lakini watoto walinasa kwenye kitu kimoja, wakagoma kuondoka. Ni kama pipa linalozunguka, limeandikwa namba kuanzia moja hadi kumi kwa namna mbalimbali. Zamani kila rika lilikuwa na hesabu yake. Wazee walihesabu kwa maneno yao, vijana kwa yao, na aliye nje ya rika asikie bila kuelewa. Tulichokijua sisi ni imo, ibili, idatu, hesabu ya kila mtu. Mtoto wetu wa kwanza alilizungusha pipa lile mara nyingi, akajaribu kukariri safu moja, na jioni alipomhesabia babu yake, mzee alimsahihisha maneno mawili kisha akanyamaza kidogo. Akasema hiyo aliisikia kwa mara ya mwisho kwa kaka yake mkubwa.

Hapo ndipo nilipoona uchungu wa kuwalea watoto kwa lugha moja tu. Kiswahili kimetupa ndoa hii, mimi na baba yao, na sitakisemea vibaya kamwe. Ila Kisukuma kilikuwa na nafasi nyumbani kwetu na hatukukipa. Tumekubaliana, baba yao na mimi, kwamba simu za Jumapili kwa babu zitakuwa za Kisukuma, kidogo kidogo, na mimi nitajifunza pamoja nao.

Jumanne: Uwanjani

Tulifika mapema uwanja wa Red Cross, Kisesa. Ndio uwanja ambao Septemba 2021 machifu walimsimika Rais Samia kwa jina la Chifu Hangaya. Wauzaji walikuwa wameshajipanga: miwa, karanga, mishikaki, maji ya baridi, kofia za ukindu. Jua la mwezi wa sita Mwanza halina unyevu wa Dar. Linakausha midomo, na vumbi linapanda kwa kila mguu unaotua.

Hotuba zilikuwepo, na zilikuwa ndefu. Nasema hili kwa heshima: waliokuja kucheza walikuwa wamefunga njuga tangu asubuhi, na kila dakika ya kipaza sauti ilikuwa dakika ya wao kusimama juani. Watu hawakuja kusikiliza viongozi, au sisi wageni, tunavyoupenda utamaduni. Wamekuja kuucheza.

Kisha ngoma zikaingia, na nikaelewa maneno ya wifi.

Mashindano ya Bagika na Bagalu hayaendi kwa zamu. Vikundi viwili vinachukua pande mbili za uwanja mmoja, kila kimoja na ngoma zake na manju wake, yaani kiongozi wa nyimbo, filimbi ikilia vinaanza kwa wakati mmoja. Katikati mko ninyi, watazamaji. Kipimo cha asili hakina pointi wala kadi, ni watu. Ngoma iliyovuta umati mkubwa ndiyo iliyoshinda. Kwa hiyo hakuna aliyekuja kutazama tu. Ukisimama hapa umempigia kura huyu, ukihama umemnyang'anya. Hata mtoto mdogo ni kura.

Upande wa kulia ulianza na bugobogobo, ngoma ya majembe. Ilizaliwa shambani, kwenye vikundi vya kulima kwa pamoja vilivyokwenda na mdundo. Vijana waliingia mstari mmoja, majembe mabegani, wakainama, wakainuka, wakageuka, vumbi likiruka sawasawa na ngoma kubwa. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona kwamba majembe yale si ya maonyesho. Makali yalikuwa yameliwa na udongo, bapa limepungua upande mmoja kuliko mwingine, mpini umeng'aa pale mkono unaposhika. Kijana mmoja alilirusha lake juu, likazunguka likimetameta, akapiga hatua mbili bila kulitazama na kulidaka kwa mpini nyuma ya mgongo. Binti yetu alipiga kelele akagoma kusogea. Bibi yake alitabasamu: wale walikuwa Bagika.

Dakika chache baadaye kishindo kilitoka kushoto, na umati ukaanza kumeguka. Mtoto wa kwanza alichomoka mkononi mwangu. Bayeye walikuwa wamefungua sanduku lao.

Bayeye ni watu wa nyoka. Kikundi chao tangu zamani ni cha ngoma na cha tiba pamoja, wanajua dawa ya sumu na wanachanjana kabla ya mtu kuruhusiwa kushika nyoka. Mzee wa makamo alitoka na chatu mabegani, mnene kama paja langu, akacheza naye polepole huku vijana wake wakizunguka kwa kasi. Kila baada ya muda alikuwa akichovya kitambaa kwenye ndoo ya maji na kumfuta chatu vumbi, kuanzia kichwani kushuka, akimwambia jambo ambalo hakuna mwingine aliyelisikia. Ngoma ilipopumzika aliwaita watoto waguse. Mwanangu alitanguliza kidole, kisha kiganja kizima. "Mama, si wa utelezi! Mkavu, halafu wa baridi." Nami niligusa. Nilikuwa na mashaka kuhusu mnyama yule kuwa katikati ya kelele zile, na bado ninayo. Ila mkono wa yule mzee ulikuwa mkono wa mtu anayetunza.

Basi familia yetu ikawa imegawanyika uwanjani kama ilivyogawanyika nyumbani. Binti na bibi kulia kwenye majembe, mtoto wa kwanza na babu kushoto kwenye nyoka, kitinda mimba juu ya mabega ya baba yake anaelekeza huku na huko, na mimi katikati nimeshika khanga mkononi.

Manju wa kushoto alikuwa na sauti kavu inayopenya. Mume wangu alinitafsiria vipande: anawauliza Bagika majembe yote hayo ni ya nini kama magunia yao ni mepesi, anawataja waliohamia upande wake, anawashukuru kwa akili zao. Wanawake wakapokea kwa vigelegele. Manju wa kulia naye akajibu papo hapo, kwa beti alizotunga akiwa amesimama, na kicheko kikavuka uwanja mzima. Utunzi wa namna hiyo, wa kumjibu mtu ndani ya mdundo bila kuupoteza, ndiyo sanaa iliyonishangaza kuliko majembe na nyoka vyote.

Jua lilipoanza kulala, kushoto kulikuwa kumejaa na kulia kumebaki watu wachache. Nilidhani mambo yamekwisha. Ghafla ngoma za Bagika zikanyamaza kabisa. Watu wengi upande wa pili wakageuza shingo, maana ngoma ikinyamaza katikati ya mashindano kuna jambo. Akatoka mtoto wa kiume, pengine wa miaka saba, jembe lake dogo la saizi yake, njuga miguuni. Akacheza peke yake, kwa mlio wa njuga zake tu. Akalirusha lile jembe. Akalidaka. Ngoma zote zikamjibu kwa pigo moja.

Nilikimbia. Sote tulikimbia, uwanja mzima, kina mama na watoto migongoni, wauzaji wa karanga na masinia yao. Wifi alinipita akipiga kelele, "Mzaramo! Unakwenda wapi?" Babu mwenyewe, Mgalu wa kuzaliwa, nilimwona anakuja na fimbo yake kwa mwendo ambao sikujua bado anao.

Njiani kurudi nyumbani aliapa kwamba alikwenda kumfuata mjukuu wake. Na kwamba wale Bagika wametumia dawa ya mvuto, si bure. Mimi naamini kilichotumika ni yule aliyejua saa ya kunyamaza, na mazoezi ya mtoto yule tangu mavuno yalipoanza. Mzee ananiambia hivyo vitu viwili havigombani.

Jumatano: Kwa wanaotaka kwenda

Leo wanaume wamekwenda tena uwanjani, mimi nimebaki kuandika hili na kupokea mzigo wa mama mkwe wa kurudi nao Dar: michembe, karanga, kuku wawili. Ngoma zinaendelea kwa siku kadhaa, vikundi vingine, na mume wangu amewaahidi watoto kuwaona Banunguli, wawindaji wa nungunungu, ambao nao wana ngoma yao.

Kama unapanga kwenda na familia, angalia kalenda ya kanisa kwanza, maana tarehe inahama kila mwaka kufuatana na Pasaka, ingawa mara nyingi inaangukia Juni. Ukitokea Mwanza mjini, daladala za Kisesa zinakufikisha. Bujora utapanda kwa miguu au bodaboda. Makumbusho yaone kabla ya siku ya uwanjani, utazielewa ngoma zaidi. Watoto wavae viatu vya kufunga na kofia, na mkubaliane mapema mtakutana wapi mkipotezana, kwa sababu mtapotezana. Usijifungie kwenye viti vya jukwaani hata ukikaribishwa. Ukiwa kitini huwezi kuhama, na anayehama ndiye anayeamua.

Aliyeikosa Bulabo asikate tamaa. Mbina za vijijini zinaendelea kiangazi chote mpaka watu waanze kutayarisha mashamba. Shuka Magu, Misungwi au Kwimba, uliza wenyeji wikiendi hii wapi wanacheza, na uwe tayari kuulizwa kama wewe ni Mgika au Mgalu. Binti yetu ameshachagua. Kaka yake hajamkubalia.